Jino la Kupimia Mpunga

Jumamosi iliyopita nilipeleka gunia la mpunga mashineni pale Usevya. Kijana wa mashine hakuuliza kitu. Alichota punje kiganjani, akazitia kwenye kipimo cha unyevu, akasoma namba, akasema, "Mwalimu, uko safi, mwaga." Mimi nami nikatia punje moja mdomoni, kwa mazoea tu, nikaiuma. Sikusikia chochote. Nilikuwa nimetoka kufundisha masomo ya ziada tangu alfajiri, watoto wa darasa la kwanza wanasoma ba be bi hadi macho yanawatoka maji, na mimi mwenyewe nimechoka hoi. Nakwambia ukweli, rafiki yangu, siku hizi nimechoka hata nikiwa nimekaa.

Enzi zetu kipimo kilikuwa jino la bibi. Mpunga ukianikwa kwenye turubai, unageuzwa kwa miguu mchana kutwa hadi nyayo zinawasha, kisha bibi anachota punje moja, anaimenya kwa kucha, anaiuma. Ikibonyea, bado mbichi. Ikipasuka vipande vipande, umeiva na jua kupita kiasi. Ikikatika vipande viwili, ka! basi ndiyo yenyewe, anua. Ukikosea, mashine inakutolea chenga tupu, mchele uliovunjikavunjika, na jasho la msimu mzima linakuwa chakula cha kuku. Majirani walikuwa wanakuja na punje zao wamezifunga kwenye pindo la kanga ili bibi aziume.

Sasa meno ya bibi yakaanza kung'oka. Lilipobaki moja la mbele, lenyewe linacheza, akaniita, akasema kuanzia leo utauma wewe. Nilikuwa na miaka tisa. Wee, niliringa! Nikakaa kando ya turubai nikauma tangu asubuhi: punje za juu, za chini, za kivulini, za juani. Kila nikikosea naongeza bidii. Kufika mchana punje zote zilikuwa sawa mdomoni, taya limekufa ganzi, na majibu yangu yalikuwa mabaya kuliko ya asubuhi. Nikadhani mimi ni mjinga. Nikaendelea kuuma huku nalia.

Bibi akaja, akaninyang'anya punje mkononi. "Jino limechoka, mama. Liache lilale."

Siku tatu hakuniruhusu kuuma hata punje moja. Akanituma kufukuza ndege, kuchota maji, kusugua masufuria. Niliumia sana moyoni, nikajua ameshanitoa, atamchukua binamu yangu. Siku ya nne, baada ya uji, akaniletea punje bila maneno. Nikauma. Nikasikia, tena si sikioni, ni kwenye fizi kabisa: bado, kwa ndani bado. Akanipa ya pili. Hii tayari. Nilipata zote. Yale niliyoyahangaikia siku nzima yalikuwa yameingia yenyewe nikiwa nasugua masufuria. Tangu siku hiyo utaratibu ukawa huo: asubuhi nauma punje chache, kisha naachishwa, nipende nisipende. Baada ya misimu miwili hata yule jirani yetu Msukuma, mwenye mpunga wa kujaza mkokoteni wa ng'ombe, alikuwa ananisubiri mimi nitoke shule.

Halafu nikaenda chuo cha ualimu. Mwaka wa mwisho nilirudi likizo moja kwa moja kutoka kwenye mitihani, wiki nzima sijalala sawasawa, na safari yote nimesimama ndani ya basi. Nimeweka begi tu chini, bibi huyo na punje kiganjani, anatabasamu na fizi zake. Alikuwa amenisubiri, mpunga wake wa mwaka mzima uko juani. Nikauma. Sikusikia kitu. Ningeweza kusema, bibi, nimechoka, nipe kesho. Nilitaka kulala tu. Nikasema, "Tayari."

Ulitoka chenga. Gunia baada ya gunia, chenga.

Bibi hakunitazama hata kwa jicho baya. Alisimama pale mashineni, akamwambia mwenye mashine mbele ya watu kwamba mashine yake ni mbovu, imemharibia mchele, kwa maana mpunga ule ameuuma mjukuu wake. Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Nilijiambia nitamwambia ukweli tukifika nyumbani, kisha nitamwambia likizo ijayo, na likizo zikapita.

Mashine ile ilikuwa jirani tu, ukitema mate yanafika. Bibi hakuikanyaga tena. Miaka yote iliyobaki alikuwa anajitwika mpunga wake, anapumzika njiani mara tatu, mara nne, mpaka mashine ya kijiji cha pili, kwa sababu hakuwahi kulitilia shaka jino langu.