Moto wa Samadi

Mwezi uliopita nilikwenda Ngara kwenye arusi ya binamu yangu, nikamkuta mke wa kaka ameanika maharage juu ya duara la saruji nyuma ya zizi tupu. Nilimwuliza kama anajua lile ni kitu gani. Akacheka, akasema, kwani si ni tangi la maji la zamani tu. Sikumbishia, maana arusi ina kazi nyingi, lakini tangu siku hiyo nimekuwa nikikusudia kukueleza wewe, mwanangu. Lile halikuwa tangi la maji. Lilikuwa jiko la bibi.

Kabla wakimbizi wa Rwanda hawajaingia, kuni tuliziokota pembeni mwa migomba, unarudi uji haujapoa. Walipokuja watu wengi kiasi kile pale kambini Benaco, kila mmoja na sufuria yake, vilima vilinyolewa vikabaki vipara. Siwalaumu, mwenye njaa angepikia nini? Lakini mimi nilikuwa darasa la saba, na nyumbani wakati huo tulikuwa wawili tu, bibi na mimi. Kuni za siku mbili zilinimalizia siku nzima. Mwalimu mkuu alishamwambia bibi waziwazi: mtoto huyu ana kichwa, ila akiendelea kukosa masomo hivi, mtihani atausikia redioni.

Bwana mifugo ndiye aliyeleta habari za gesi ya samadi. Tulikuwa na ng'ombe watatu wanaofungwa zizini, akasema wanatosha. Mafundi walijenga kuba la matofali chini ya ardhi, wakavuta bomba hadi jikoni. Kila asubuhi unachanganya samadi na maji, ndoo kwa ndoo, unakoroga kwa mkono na kutoa majani na mawe mpaka mchanganyiko uwe kama uji, kisha unauachia uingie shimoni. Kule chini kusikofika hewa, vijidudu visivyoonekana kwa macho vinaila samadi na kutoa gesi. Bibi alisikiliza yote kwa adabu, halafu akatangaza kwamba yeye chakula kilichopikwa kwa mavi hali. Maharage ya siku ya kwanza aliyala akidhani yamepikwa kwa jirani. Alipoambiwa ukweli alitafuna taratibu, akaomba aongezewe chumvi.

Mkorogaji hakuwa mimi. Alikuwa mama mmoja mkimbizi kutoka Rwanda, aliyekuja siku moja kuomba achemshe maharage yake ya mgawo, makavu kama kokoto. Bibi akamwambia aje kila siku, akoroge samadi, na sufuria yake ikae motoni baada ya yetu. Kazi ile aliijua, maana kwao aliwahi kufanya kazi kwenye misheni iliyokuwa na mtambo kama wetu. Alikoroga mpaka kwenye viwiko huku akiimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya chini. Kiswahili chake kilikuwa haba, lakini Kihangaza chetu na Kinyarwanda chake ni ndugu, tukaelewana. Nami nikawa nakwenda shule siku zote tano, nguo hazinuki moshi.

Ulipobaki mwezi mmoja kufikia mtihani, moto ulianza kudhoofika. Siku ya tatu bomba lilikohoa kidogo, likanyamaza. Jirani yetu, ambaye hakupenda kuona mgeni akiingia jikoni kwetu, alisema uani, makusudi asikike, "Mtu msiyemjua anatia mkono shimoni kila asubuhi, mnategemea nini? Kuna kitu ameweka." Maneno yakaenea, na yule mama akaacha kuja. Nikwambie ukweli, niliamini. Nilikuwa nimesharudia kamba na panga, kwenda kutafuta kuni, na nilihitaji mtu wa kumchukia.

Alhamisi ile ilikuwa zamu yetu kupokea jumuiya, zile familia chache za Kikatoliki zinazosali nyumba kwa nyumba. Baada ya Injili watu walipoulizwa nia zao za kuombea, bibi alisimama.

"Aliyeua moto ni mimi," alisema.

Bwana afya alikuwa amepita akigawa klorini kwa hofu ya kipindupindu, akaagiza kila shimo la mavi litiwe dawa. Bibi akajua wageni wa jumuiya wanakuja, akaona aibu wakute shimo letu moja, lile la samadi, halijatiwa, akamimina ndoo nzima. Dawa haikuuliza vijidudu vipi ni vyetu. "Moto ulipopungua tu nilijua," alisema. "Nikaona haya. Mtoto wa watu anasingiziwa, na mimi nipo, nimenyamaza." Jirani aliinama akahesabu punje za rozari. Bibi alikuwa na msemo wake, mficha maradhi kifo humuumbua, lakini sikuwahi kumwona mtu mzima akijiumbua mwenyewe mbele ya watu. Nilimwonea huruma, nikamwonea na fahari.

Kesho yake alikwenda kambini kumwomba radhi yule mama. Alimpataje katika umati ule sijui, ila walirudi pamoja. Mama alikwenda moja kwa moja nyuma ya zizi. Alinusa shimo, akatuagiza tuchote sehemu ya uji ule wa shimoni na tusiongeze kitu kwa siku kadhaa. Kisha akajitwika ndoo za uji mzito kutoka mtambo wa gesi wa parokia, ambao ulikuwa bado unawaka, akazimimina humo, kama unavyotia mtindi wa jana kwenye maziwa mapya.

"Majuma matatu," alisema. "Ukiharakisha, unaua tena."

Bibi alininyang'anya kamba na panga. "Wewe nenda shule. Mkono uliomimina dawa ndio utakaobeba kuni." Yule mama akafuatana naye. Kila asubuhi niliwaona wakipanda kilima, mmoja amenyooka na mwingine amepinda, mimi nikielekea upande wa pili na madaftari yangu.

Moto ulirudi wiki ya mtihani. Nilifaulu, nikapangiwa shule ya bweni Biharamulo.

Desemba ya mwaka uliofuata Wanyarwanda walirudishwa kwao. Shule ilifungwa, lakini magari ya Ngara hayakupita, barabara imejaa watu na mizigo, nikabaki kwa shangazi mpaka Krismasi ikapita. Nilipofika nyumbani, bibi aliniambia kwamba yule mama alikuja kuaga. Alikunja mikono ya gauni, akakoroga samadi ya siku ile, akanawa, akaniachia salamu.

Leo bibi hayupo, ng'ombe hawapo, na watoto wa pale hawajui kwamba samadi huwaka. Hayo nimeyakubali. Kinachoniuma ni kimoja. Mwanamke yule aliniwekea moto ili nisome, na katika kusoma kwangu kote sikuwahi kumwuliza kijiji chake kinaitwaje. Salamu zake ninazo hadi leo, na sijui pa kuzijibia.