Mlango Uliohamia Msalato

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, jua la Dodoma likiwa bado halijashika ukali, Zablon Masinga amepiga magoti kwenye vumbi la mbao kama mtu anayesali. Hasali. Ananusa meza.

Anasogeza pua mpaka karibu iguse ubao, anavuta pumzi, kisha anamwita mkewe.

"Ruthu, hebu njoo. Nta imeingia, au bado inazurura huku juu?"

Ruthu anakuja na kipande cha kitenge kikuukuu mkononi. Ananusa upande wake, anapapasa kwa kiganja, anasema imeingia vizuri, isipokuwa kona moja iliyopakwa na mtu mwenye haraka zake. Zablon hamuulizi mtu huyo ni nani. Anapokea kitambaa na kuanza kusugua kona.

Meza yenyewe ni nyembamba, ile ya kuegemezwa ukutani ukumbini, mtu akiingia aweke funguo na kofia. Urefu wake futi tano, upana futi moja na nusu. Uso wake ulikuwa mlango wa nyumba ya tembe, ile ya udongo yenye paa bapa, uliochongwa kwa tezo kutoka gogo moja, zaidi ya miaka hamsini iliyopita. Miguu ilikuwa nguzo zilizobeba paa la nyumba hiyohiyo. Chini kuna rafu ya mninga, na ukingo wake wa mbele haukunyooshwa: unapanda na kushuka vilevile mti ulivyoota.

Saa nne meza hii inatakiwa ifike kwa mwalimu Erica Gabrieli, nyumba ya nne kutoka karakana, hapahapa Msalato. Saa nne hiyohiyo mama yake, Bi Emiliana, mwenye miaka sabini na tisa, anawasili kutoka kijijini upande wa Kongwa. Macho yake sasa yanaona mwanga tu, na bintiye anataka aje akae karibu na hospitali. Mama amekubali kuja. Kukaa hajakubali.

"Alisema sitahamia nyumba ambayo siujui mlango wake," anasimulia Erica. "Akasema, nikiugusa nikaujua, nitakaa. Nisipoujua, narudi na basi la mchana."

Ndiyo maana fundi ananusa meza asubuhi na mapema.

Zablon ana miaka arobaini na saba. Karakana yake ni mabati juu ya nguzo sita, kando ya barabara iendayo Kondoa, malori ya mchanga yakipita kutwa na kuacha vumbi juu ya kila alichokwisha kupiga msasa. Ufundi aliupata Kongwa akiwa na miaka kumi na saba, kwa mzee Batholomeo, fundi wa madawati ambaye alikuwa akichungulia kila ubao kwa jicho moja kama mwindaji.

"Kwa mzee Batholomeo, ubao usionyooka ulikuwa aibu," anasema Zablon. "Nimenyoosha mbao miaka ishirini. Mpaka usingizini nilikuwa nanyoosha."

Kilichomgeuza ni njaa ya kazi. Kiangazi kimoja alikaa wiki saba bila oda hata moja. Akanunua mabanzi, zile mbao za pembeni zenye gome ambazo wenye mashine za kupasua huziuza kwa bei ya kuni, ili Ruthu apate cha kupikia. Banzi moja la mninga lilikataa kuingia jikoni. Kila akiliinua shoka, anaona rangi yake, wekundu wa moyo wa mti na weupe wa pembeni, anaweka shoka chini.

Akalibandua gome kwa panga butu, maana wadudu wakorofi hulala chini ya gome, akasafisha kwa brashi ya waya, akapiga msasa, ukingo akauacha ulivyoota. Likawa benchi la Ruthu la kukalia akichambua mboga. Mpita njia mmoja akalinunua Ruthu akiwa amelikalia.

Wengine walimcheka. Jirani yake mwuza vipuri alimuuliza mbele za watu kama msumeno wake umeishiwa meno. Leo huuza meza mbili kwa mwezi, kila moja kati ya shilingi laki tatu na nusu na laki sita. Vitanda vya kawaida bado ndivyo vinavyoleta unga nyumbani, lakini meza ndizo zinazomwamsha mapema.

Nta ya kung'arishia hutoka Chemba, kwa kaka zake Ruthu wafugao nyuki. Na ni kufuga nyuki huko, si useremala, kulikoiokoa meza ya Bi Emiliana. Au tuseme, kulikookoa kilichokuwa kimebaki.

Ilikuwa hivi. Nyumba ya tembe ya Bi Emiliana ililala upande mmoja kwenye mvua za mwaka jana. Mama akahamia kwa mwanawe wa kwanza, Methusela, na mlango ukang'olewa ukaletwa Msalato pamoja na nguzo. Ulikuwa mweusi tii kwa moshi na mafuta ya mikono. Erica alisema neno moja tu: mama anautaka mlango wake uwe meza ya ukumbini.

Zablon akaulaza juu ya benchi. Kwenye ukingo mmoja akaona mikato, mmoja chini ya mwingine. Amezaliwa kwenye tembe yeye mwenyewe, anajua watu wanavyopitisha kisu mlangoni kukipa makali kabla ya kuchinja kuku. Akaona ni makovu ya visu. Akashika randa, akaanza kuondoa.

"Ubao ulianza kucheka," anasema. "Chini ya ule weusi kulikuwa na rangi ya asali. Nikajisifu kabisa."

Ruthu alikuja kuzoa maranda. Akainama, akatazama ukingo, akapitisha kidole. Akauliza mikato ilikuwa mingapi. Zablon akasema haikumbuki, labda tisa. Sasa imebaki sita, akasema Ruthu, na nafasi kati ya mmoja na mwingine ni sawasawa.

"Kwetu kila mzinga una alama ya mwenyewe," Ruthu akamwambia. "Mtu anayenoa kisu hapimi nafasi. Huyu alikuwa anaandika."

Randa ikawekwa chini. Zablon alimpigia Erica simu. Mwalimu hakujua lolote. Yeye ni kitinda mimba, mlango aliukuta na mikato yake. Akasema labda baba alikuwa anahesabu ng'ombe, fundi amalizie tu, siku zimekwisha.

Angeweza kumalizia. Mwenye meza haoni, na mwenye kulipa ameruhusu. Zablon anakiri kwamba alikaa na wazo hilo muda wa kunywa chai moja.

"Lakini yule mama anasoma kwa vidole," anasema. "Kumdanganya mwenye macho ni jambo moja. Huyu ningemfuta kitabu chake halafu nimpe akisome."

Kesho yake aliufunga mlango kwa kamba na magunia, akaupakia juu ya basi la Kongwa, akalipa nauli ya watu wawili. Kutoka kituoni akaubeba begani, mwendo wa nusu saa, mpaka uani kwa Methusela, ambako Bi Emiliana alikuwa amekaa akimenya karanga kwa kupapasa.

"Shikamoo, mama. Ni Zablon, fundi wa Msalato."

"Marahaba, mwanangu. Unahema kama ng'ombe wa jembe. Kaa kwanza. Kitendawili!"

Zablon alikuwa amejiandaa kwa mengi, si kwa hilo. "Tega," akasema.

"Kutwa anaingia na kutoka, wala hajawahi kuhama."

Fundi akafikiri. Akasema pumzi. Akasema mchwa. Bibi akatikisa kichwa, akadai mji wake, kama ilivyo desturi ya aliyeshindwa kumpa mji mtegaji. Zablon akampa Msalato.

"Msalato sijaupokea," Bi Emiliana akasema. "Weka kwanza. Jibu ni mlango, nawe umembeba mwenyewe begani, nasikia harufu ya moshi wake."

Methusela alicheka mpaka akaketi chini. Zablon hakucheka. Aliulaza mlango mapajani mwa mama, akamweleza yote, randa na mikato mitatu, bila kupunguza.

Vidole vya Bi Emiliana vikatembea ukingoni. Vilipofika palipokuwa laini vikasimama. Vikarudi, vikatembea tena, vikasimama palepale.

Ndipo akaeleza. Kila mtoto alipozaliwa ndani ya nyumba ile, mkunga akishatoka na habari, mumewe, marehemu Gabrieli, alichomoa kisu akakata alama moja mlangoni. Watoto tisa, mikato tisa. Mitatu ya juu ilikuwa ya Methusela na wawili waliomfuata, waliochukuliwa na surua mwaka mmoja, mmoja akiwa amekwisha kutembea, mwingine ananyonya.

"Fundi, mimi umeniondoa nikiwa hai," Methusela akasema, akijaribu kuchangamsha uwanja.

"Wewe nyamaza, wewe una simu," mama yake akamwambia. Kisha akamgeukia Zablon. "Hawa wawili hawana hata picha. Hapa ndipo nilipokuwa nawashika."

Zablon aliomba radhi. Kuku wakala karanga zote zilizomwagika bila mtu kuwafukuza.

Mama akauliza kama ana kisu. Anacho, akasema, na patasi pia.

"Patasi ni ya mafundi. Toa kisu. Gabrieli alitumia shoto, kwa hiyo mikato yake inaegemea. Shika kwa mkono wa kushoto."

Zablon hakuwahi kukata kitu kwa shoto maishani mwake. Bi Emiliana alipima nafasi kwa upana wa vidole viwili, akaweka ukucha pa kuanzia, akamshika fundi kifundo cha mkono. Wa Methusela akataka uwe wa kina, maana baba alikuwa kijana na alijivuna. Wa pili, kina kidogo. Wa tatu, mwepesi kabisa, kwa sababu ng'ombe walikuwa wanarudi na Gabrieli alikata huku anaondoka.

Mikato mipya ilitoka myeupe juu ya ubao. Zablon akasema ataipaka masizi ifanane na mingine.

"Acha," mama akasema. "Walikuwa wadogo. Waache wawe wapya."

Walipoagana, mama hakumwambia kama amemsamehe. Alisema tu kwamba Jumamosi ataupapasa tena, ukiwa umelala.

Na leo ndiyo Jumamosi. Saa tatu na nusu, Zablon na Ruthu wanaifunika meza kwa blanketi na kuisukuma kwa mkokoteni, mmoja mbele, mmoja nyuma. Mlango haujarandwa tena. Umesuguliwa kwa kitambaa na nta tu, na weusi wake umebaki. Miguu imeingia kwa ulimi na tundu, hakuna msumari hata mmoja.

Njiani Zablon anaeleza mpango wake. Anataka kujenga banda la kuhifadhia milango ya tembe zinazobomolewa, huku Kongwa na kule Bahi, kabla haijaingia kwenye moto. Anahitaji mabati thelathini; anayo kumi na moja. Tayari amenunua daftari, na hagusi mlango wa mtu mpaka mwenyewe aeleze kila kovu. Ruthu ndiye anayeandika.

"Mwandiko wake yeye ni kama njia ya kuku," anasema Ruthu kutoka nyuma ya mkokoteni.

Meza inawekwa ukumbini, ubavuni mwa mlango. Bi Emiliana anaingia ameshikwa bega na Erica, fimbo mkono mmoja, kikapu amekikumbatia kifuani. Erica anataka kumpokea kikapu, anakataa. Hakai.

Anaegemeza fimbo, anagusa uso wa meza. Kiganja kinateleza, kinarudi, kinatafuta ukingo. Anaanza upande uliokuwa chini ya mlango, kwa Erica, anapanda mmoja mmoja, midomo ikicheza. Anapofika kwenye ile mitatu ya juu anatumia kidole cha mwisho, kidogo, na hapo anakaa muda mrefu kuliko pote.

Kisha anashuka kwenye rafu, anafuata mawimbi ya mninga. "Na huyu?"

"Ni mninga, mama. Nimeuacha ulivyoota."

"Sasa umejua kuacha." Anamsikiliza alipo, kama anayempima. "Zablon, ule mji ulionipa, bado upo?"

"Upo, mama."

Bi Emiliana anainama, anakiweka kikapu chake kwenye rafu, anakisukuma mpaka kigote ukuta.

"Nimeupokea," anasema. "Erica, niambie jiko liko wapi."