Ziwa Halina Ngisi

Hapana, bwana. Albadiri haikati mguu wa mtu. Mguu unakatwa na daktari, hospitali, baada ya ndugu kusaini karatasi, na karatasi ya shangazi yangu niliisaini mimi kwa mkono huu huu. Kwa hiyo ukija kwenye meza yangu na simu yako iliyokufa, halafu ukaanza "eti yule mama wa dagaa si ndiye aliyesomewa?", utaondoka nayo ikiwa imekufa vilevile. Nimeshawafukuza watatu. Wa nne tulishikana mashati mchana kweupe, muuza kahawa ndiye aliyetuachanisha.

Ilikuwa sukari. Sukari, sio dua. Hilo tuelewane kwanza, ndiyo nikuambie lililobaki, maana lililobaki ni baya zaidi na hawa wasemaji hawalijui.

Shangazi ndiye aliyenilea. Baba alienda kulima tumbaku Urambo akapata mke mwingine hukohuko, mama akarudi kwao, mimi nikabaki na dada yake baba na meza yake ya dagaa pale sokoni Tabora. Alikuwa anauza dagaa wa Kigoma tu. Sio wa Mwanza wenye mchanga, sio wa pwani waliochemshwa kwa chumvi. Mtu akimuuliza, "Mama, hawa wa Kigoma kweli?", hajibu. Anachukua dagaa mmoja, anamvunja katikati, nusu anakupa, nusu anakula mwenyewe huku anakuangalia. Basi, umeshajibiwa.

Tabora unaijua ilivyo. Tangu enzi za misafara kila kitu hapa kinapita. Cha ziwani kinakwenda pwani, cha pwani kinakwenda ziwani, na vyote vinashushwa hapa kwanza. Zamani vilikuja mabegani mwa watu, siku hizi vinakuja na treni na mafuso. Kwa hiyo gunia la Kigoma na gunia la Dar yanaweza kukaa ghala moja, na dalali mwenye tamaa anahitaji koleo na nusu saa tu kuyachanganya.

Sasa kitabu. Nilikipata kwa mzee mmoja wa Kihindi mwenye duka la vitambaa, watu ambao wako hapa tangu babu ya babu yao. Nilimtengenezea simu, nikaona rundo la vitabu kwenye boksi mlangoni. Akasema, "Chukua unachotaka, watoto wangu wameshaondoka, mimi macho sina." Nikachukua kimoja kwa sababu ya jalada. Lilikuwa na jicho. Jicho tu, jeusi, kubwa kama sahani ya wali. Kumbe ni kitabu cha sayansi walichoandikiwa watu wa kawaida, kinamwelezea ngisi jitu, yule wa bahari kuu, ambaye ukimnyoosha anakaribia urefu wa behewa.

Kilikuwa cha Kiingereza. Mimi shule niliishia kidato cha pili, Kiingereza nimejifundisha mwenyewe kwa kamusi iliyochanika mwanzo, haina A wala B wala nusu ya C. Neno likianza na herufi hizo nakisia. Lakini nilikisoma chote. Saa nane mchana, soko likilala, nilikuwa namsomea shangazi kwa Kiswahili huku anachambua.

"Ana mioyo mitatu, shangazi."

"Mitatu! Na kuna wanaume hapa Tabora hawana hata mmoja."

"Damu yake ya bluu. Na ubongo wake umekaa kama pete, koo limepita katikati. Akimeza tonge kubwa anaweza kujiumiza ubongo."

Akaacha kuchambua. "Weee! Basi huyo hawezi kula kwa hasira kama wewe."

Kilichonishika mimi ni kwamba huyu mnyama kwa miaka mingi sana hakuna aliyemwona hai kule chini anakoishi. Walimjua kwa maiti zilizotupwa ufukweni, na kwa nyangumi waliovuliwa wakiwa na makovu ya duara kichwani, duara moja moja kama mtu amegongwa mihuri. Wavuvi wakisema yupo, wasomi wanacheka. Nilikipenda kitabu kwa ajili ya hilo. Na mimi nimechekwa sana. Shangazi yeye alikuwa anakigeuza kifudifudi juu ya kabati. "Asituangalie tukila," alisema.

Siku yenyewe ilikuja hivi. Shangazi alikuwa na shoga yake, mama ntilie wa kule karibu na stesheni. Wametoka Sikonge pamoja wakiwa wasichana, wamezikiana wazazi. Dagaa wote aliopika yule mama walitoka kwenye meza yetu. Asubuhi hiyo akaja sokoni na sahani iliyofunikwa kwa sahani nyingine. Hata shikamoo yangu hakuitikia. Akafunua.

"Shoga, hiki nini?"

Shangazi akakisogeza mpaka puani. Hapo ndipo nilipotakiwa kushtuka. Macho yake yalikuwa yameshaanza kuondoka, sukari ilikuwa inamla na hatujui. Mimi nilikiona kwa mbali. Kidude cha urefu wa kidole cha mwisho, kimekauka, kichwa kina nyuzinyuzi, na jicho.

"Nina mteja, kijana wa reli, mtu wa Tanga," mama ntilie akasema. "Kakinyanyua na kijiko mbele ya watu. Kasema, mama, huyu ni ngisi, unatulisha dagaa wa kwetu kwa bei ya Kigoma. Wamenicheka banda zima. Sasa niambie, umechanganya wewe au umechanganyiwa?"

Lilikuwa swali zuri. Leo naliona lilivyokuwa zuri, kama mlango ulioachwa wazi. Shangazi angesema "ngoja niliangalie gunia", yangeisha palepale. Lakini watu walishajaa, na kuna mmoja nyuma akasema, "Kumbe huyu mama naye mpigaji!" Damu ikanipanda.

"Nani kakwambia ziwani hakuna ngisi?" nikapayuka. "Umesoma wapi? Mimi nina kitabu kizima cha ngisi! Ziwa Tanganyika kina chake hakina mchezo, na ngisi wamo!"

"Baba, mimi napika dagaa wa Kigoma kabla hujazaliwa..."

"Na yale madude laini kama uji wa muhogo, yanayoonekana mpaka matumbo, Kigoma hayapo? Muulize yeyote aliyeishi kule! Na ndugu zao si wa baharini? Haya, sasa!"

Watu wakaguna. Hilo la madude ni kweli tupu, yapo. Ndivyo uongo unavyofungwa, kama gunia, unaweka wazuri juu.

Maana nilikuwa najua. Sura ya pili, chini ya ukurasa, nilishapiga mstari kwa penseli: ukoo wote huo, ngisi na pweza na ndugu zao, hakuna hata mmoja anayeishi kwenye maji baridi. Sio mtoni, sio ziwani, hakuna. Nilipiga mstari kwa sababu niliposoma nilifikiria Kigoma.

Shangazi akamgeukia shoga yake, kidevu juu. "Umesikia? Mwanangu kasoma."

Maneno yakazidi. Mmoja akafukua la zamani la Sikonge, mwingine akajibu la Sikonge, mpaka mama ntilie, machozi yanamtoka, akasema, "Basi tusome albadiri." Kama huijui, ni kisomo. Masheikh wanakaa, wanaomba Mungu amuoneshe mkosaji, na huku kwetu watu wanakiogopa kuliko polisi. Shangazi hakupumua hata. "Tusome. Hata kesho."

Jioni alipokuwa anaswali nililimwaga lile gunia uani. Nusu ya juu Kigoma safi. Nusu ya chini dagaa wa pwani, chumvi imewaganda, na ngisi wengine watatu. Nikawachimbia nyuma ya choo. Simu ya dalali aliyetuuzia gunia haikupatikana, mpaka leo haipatikani.

Sheikh wa kwanza alikataa, akasema tukamwone mwenyekiti wa soko, tusimsumbue Mungu kwa mambo ya dagaa. Wakatafuta mwingine. Tukakutana baada ya alasiri uani kwa mama ntilie, mkeka, ubani, watu wamejipanga ukutani. Kabla hajaanza sheikh akasema, taratibu, kama mtu anayesoma tangazo: "Dua hii ni kwa aliyechanganya, na kwa anayejua akanyamaza. Mwenye neno alitoe sasa."

Nikamkumbuka ngisi, tonge linapita katikati ya ubongo. Shangazi alikuwa amekaa wima kama bibi harusi, hana wasiwasi hata chembe, anaamini kitabu changu kuliko macho ya watu wote. Nikisema, namvua nguo mbele yao. Ndivyo nilivyojiambia. Nikameza.

Tangu siku ile kuna kitu kilihamia kwangu. Nikifungua simu ya mtu, kile kioo cheusi kabla hakijawaka, naliona jicho. Halitishi, halisemi. Linaangalia tu. Kitabu nilikifunga kwenye mfuko wa rambo nikakisukuma chini ya kitanda, na bado nilijua lile jicho limeelekea upande gani.

Baadaye kandambili mpya ikamchubua shangazi kidole. Kidonda kidogo tu. Alikificha kwa kitambaa wiki nzima, na wiki nyingine, mpaka harufu ikamsema. Hospitali wakapima, wakashangaa alikuwa anatembeaje na sukari ile. Kidole kikaondoka. Halafu mguu, chini ya goti. Meza yetu sokoni ikakauka wateja, wanapita mbali kama pana maiti. Na maneno yakaanza. Imempata. Si alisema tusome? Imempata.

Yeye mwenyewe akaanza kuyasikiliza. Mchana, amelala ubavu, ananiita. "Mwanangu, hebu nisomee tena pale pa ziwa."

Nakitoa kitabu chini ya kitanda. Kidole kiko kwenye mstari wa penseli, mdomo unasema mengine: ngisi wanaishi baharini na kwenye maziwa makubwa yenye kina. Anatulia. Halafu anasema, "Basi sijui nimemkosea nini Mungu."

Nilisoma hivyo mara nyingi. Sitaki kuhesabu.

Ijumaa moja mama ntilie akaja. Alikuja na uji wa ulezi kwenye chupa ya chai, akasimama mlangoni hawezi kuingia. Shangazi akamwambia, "Ingia, mguu hauumi tena, haupo." Wakacheka, wakalia, wakashikana. Mimi nikawa nataka kutoka.

"Wewe, usitoke. Kilete kitabu. Nataka shoga yangu asikie kwa masikio yake, nisife akinidhania."

Nikakifungua. Wote wawili wananiangalia, na jalada linawaangalia wao. Nikasoma. Safari hii mdomo ukafuata kidole. "Ngisi hawaishi kwenye maji baridi. Hakuna ziwa lenye ngisi. Hakuna hata moja."

Halafu shangazi akacheka, kicheko cha sokoni kabisa.

"Msikie huyu! Jana hivi, leo vile. Hicho ndicho Kiingereza cha kujifundisha, shoga. Kamusi yake yenyewe haina kichwa."

"Shangazi, nimesoma sawa. Nilijua tangu..."

"Nyamaza."

Hajawahi kuniambia hivyo maishani mwake. Akamshika shoga yake mkono. "Ziwa lina ngisi. Dagaa wangu walikuwa wa Kigoma. Ukitaka, waite masheikh hapahapa kitandani, nitasema hivyohivyo."

Mama ntilie aliniangalia, akamwangalia yeye. Hakuwa mjinga. "Yameisha, shoga," akasema, akafungua chupa, akaanza kumnywesha uji kijiko kwa kijiko.

Alipoondoka nilipiga magoti. "Kwa nini, shangazi? Mimi ndiye niliyekuponza. Ungeniacha niseme."

"Ningekuacha uchi mbele ya mtu?"

Kisha akageukia ukutani, akasema kwa sauti ndogo, sio kwa hasira, "Sasa na mimi najua. Tumekuwa wawili."

Hakuomba nimsomee tena. Siku nyingine namkuta macho wazi, midomo inacheza, nadhani ni uradi, nikisogea ananyamaza. Mvua zilipoanza, akafa. Msibani nikawasikia wamekaa jikoni wanahesabu miezi kutoka siku ya kisomo. Nikapindua sufuria la maji, nikafukuza watu, wajomba wakanitoa nje.

Sasa wewe unayesema ile dua haikosei, fikiria vizuri. Siku ile uani, shangazi alikuwa hajui kitu. Aliyejua akanyamaza alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwenye ubani, moshi unampita usoni. Kama ilimfikia mtu, mbona mimi natembea kwa miguu miwili?