Utashi wa Baba na Vidole Vyake

Nilipokuwa nasomea teolojia kule Nchiru, nilirudi nyumbani Maua wakati wa Kwaresima. Baba alikuwa ameapa kutotafuna miraa mpaka Pasaka. Nilimkuta ameketi nje, kibunda mapajani, akibandua maganda na kupanga vijiti kwenye jani la mgomba. Hakutia hata kimoja mdomoni.

Mtihani ulikuwa karibu, nikamkariria walivyofundisha wanateolojia wa zama za kati: utashi ni kama chifu, unaamuru, mikono na miguu hutekeleza tu, haina kauli.

“Utashi wangu umekataza mdomo,” baba akasema. “Vidole havijaambiwa kitu.”

Nikamwambia miraa hiyo itakuwa imekauka kabla ya Pasaka. Akaniuliza kama nadhani yeye ni mgeni hapa Maua. Akabandua kijiti kingine.

Mama akatoka jikoni na ndoo. “Mzee, ng’ombe hajakamuliwa.”

Vidole viliacha miraa papo hapo, vikashika ndoo.

Kwenye mtihani niliandika kwamba mkono hutii utashi. Sikuandika wa nani.