Siku nilichelewa kazini nikakuta kilio changu mwenyewe

Wakuu, vuteni viti. Hii si stori ya kuambiwa, nilikuwa mwenyewe ndani, na mashahidi wako Kyeshero, hapa Goma, mpaka leo.

Kwanza mujue munaongea na nani. Miye nilisoma mpaka darasa ya tatu primeri tu. Miaka na miaka niliteremusha mashu, yale makabichi, na viazi kutoka Kibumba na chukudu, ile baiskeli ya mbao, breki ni kisigino changu. Leo nikipita sokoni watu wanaacha kupima unga waniangalie. Sijisifu, ni hivyo.

Wananiita Papa Ampuli. Ni jina ya mwenye nyumba ninayemucheza kwenye komedi yetu ya televizioni. Kila asubuhi anazunguka parseli, uwanja wa nyumba zake, akizima taa za wapangaji. Akikasirika sana, anafungua ampuli, ile balbu yenyewe, anaiweka mfukoni.

Huu ni mwaka wa tisa tunaicheza. Kuna watoto walizaliwa wakatukuta hewani, sasa wanasoma.

Wengi hawajui tunafanyaje kazi. Mwandishi ni mmoja, Mama Neema, zamani alikuwa mwalimu wa primeri. Anaandika senario, maneno yote ya mchezo, kwenye madaftari ya shule. Kila Alhamisi tunakaa uani kwake, anasoma kwa sauti, kila mutu anarudilia maneno yake mpaka yaingie. Nusu yetu kusoma haraka ni taabu, njo maana. Jumamosi tunapiga picha za televizioni.

Sasa miye nikajiona nimefika. Nikaanza kuruka Alhamisi. Nafika Jumamosi tu, nauliza mwenzangu leo kuna nini, naingia, watu wanacheka. Nikasema kumbe hii kazi ni miye.

Halafu redio moja ya hapa ikaniita. Wakauliza nani anaandikaka yale maneno. Wakuu, nilijibu bila kupepesa jicho: "Yote yanatoka kwa kichwa changu."

Mama Neema alisikia. Hakunipigia simu, hakununa. Mutu akinyamaza hivyo unapaswa kuogopa. Miye sikuogopa.

Jumamosi iliyofuata nikachelewa, kama kawaida ya mutu mukubwa.

Nakaribia parseli yetu ya kupigia picha, naona bashi ya bluu, lile turubai la kilio, imetandikwa juu, viti vya plastiki, moto wa kuni, wamama wa jirani wamefunga vitenge kichwani wanalia. Mlangoni kuna meza, mushumaa, na picha ya marehemu.

Picha ni yangu.

Nikamuvuta pembeni kijana wa kamera, nikamuuliza kama kawaida leo kuna nini.

Kumbe Alhamisi senario ilisomwa: Papa Ampuli amekufa. Waigizaji wote walijua, isipokuwa marehemu.

Na hapo tukafanya kosa la watu wa huku. Goma ukiona bashi nje na picha ya mutu, huulizi. Unaingia, unakaa, unalia nao. Hakuna kati yetu aliyekumbuka kuwaambia majirani kwamba ni kazi ya kamera. Waliona sura yangu ya kila wiki na mushumaa pembeni, basi. Mara wanaleta makala ya moto, mara maharagi, mara bido za maji. Hata kwaya ya parokia ilikuwa imefika, wanabishana waanze na wimbo gani.

Nikajificha nyuma ya tanki la maji. Nilitaka kusikia watasema nini juu yangu. Nani kati yenu hangetaka?

Akaingia Mama Nyota wa Kibumba. Huyu njo alikuwa ananipakilia chukudu zamani. Alikuwa anapeleka mashu sokoni, akapita, akaona picha. Akatua mzigo, akakaa chini, akalia kweli kweli. Nikangoja ataje nguvu zangu. Nikangoja aseme vile nachekesha.

Akasema: "Alikuwa choyo, lakini siku mupangaji wake alizaa, alienda kimya akamurudishia ampuli, asinyonyeshe mutoto gizani. Tangu siku ile nilimupenda."

Wamama wote wakaitika. Ndiyo, ile ya ampuli ya muzazi.

Ile sehemu nilikataa kuicheza. Nilimugombeza Mama Neema mbele ya watu, nikasema mutu choyo hafanyi vile, unaniharibia. Akaniambia, cheza tu, papa. Nikaicheza na hasira.

Sasa njo hiyo watu wanalilia. Na kwa kichwa changu haikutoka hata neno moja.

Nikatoka.

Kwaya ilikatika katikati ya wimbo. Muzee mmoja alikimbia na kiti chake. Mama Nyota hakukimbia. Aliniangalia juu mpaka chini, akanichapa na kitenge mgongoni. "Weye uko muzima na unaniacha nalia? Mashu yangu yanakauka kwa ajili yako?"

Watu wakaangua kicheko. Mama Neema peke yake hakucheka. Alikuwa amekaa pembeni na daftari lake.

Nikaenda nikasimama mbele yake kama mwanafunzi. "Mama Neema, nilisema uongo kwa redio. Nisamehe. Usinizike."

Akapindua ukurasa. "Papa, hawa watu wamekuja kulilia mutu ninayemuandika kila wiki. Weye unamupatia sura. Sura zingine ziko."

Nikaiona chukudu mbele yangu, na ile barabara ya Kibumba. Nikainua macho, naona ampuli ya watu wa kamera inawaka chini ya bashi, na nje jua kali.

Nikasema polepole: "Lakini mama, Papa Ampuli akikuta kilio chake na taa inawaka muchana, atasalimia watu kwanza?"

Mabega ya Mama Neema yakaanza kutikisika. Alicheka mpaka akavua miwani.

"Kaa hapo," akasema. "Leo njo Alhamisi yako."

Nikakaa kwenye kiti cha kilio changu. Aliandika palepale, akanisomea, nikarudilia, majirani na kwaya wanasikiliza. Tukapiga picha saa ileile: marehemu anaingia, anapita watu wote, anapanda juu ya kiti, anafungua ampuli, mfukoni. Kisha njo anauliza nani amekufa.

Maharagi tulikula wote. Mashu pia, Mama Nyota alikataa kuyabeba tena.

Funzo langu ni hili. Miye bado ni mukubwa, nisiwadanganye. Lakini Alhamisi nafika wa kwanza, napanga viti. Na wakiniuliza nani anaandikaka, namutaja Mama Neema kabla sijataja jina langu.

Sasa nyiye, mukijificha nyuma ya tanki siku ya kilio chenu, mutasikia wanalilia kazi yenu ama ya mwenzenu? Andikeni hapa chini, nitasoma zote. Polepole, lakini nitasoma.