Namba Tuliyoiimba

Simu ya misheni yetu pale Uvira ilikuwa na kengele mbili za chuma juu ya kisanduku cheusi. Ilipolia, sauti ilitoka dirishani, ikavuka uwanja wa shule, ikafika mpaka kwenye mikeka ambako wanawake walianika ndagala, wale dagaa wa ziwa letu. Wote walinyamaza kwa pamoja, kila mmoja akisikiliza ni jina gani litaitwa. Ndani ya ofisi mlinuka wino, mafuta ya taa na makoti yaliyolowa. Nilikuwa na miaka tisa, na katika msimu ule wa mvua niliizoea harufu hiyo kama ya jikoni kwetu, kwa sababu kila Jumamosi mchana mimi na Mama tulikaa pale kwenye benchi, chini ya ukuta uliopakwa chokaa, tukingoja Baba apige.

Baba alikuwa fundi seremala. Boriti ilimwangukia, ikamvunja mguu mahali pawili, naye akapelekwa hospitali ya Bukavu, juu milimani, ambako madaktari walisema atakaa miezi mitatu. Karibu na hospitali palikuwa na posta, na mgonjwa aliyeweza kujikongoja kwa magongo aliruhusiwa kwenda kuomba apigiwe simu. Lakini Baba hakujua kusoma wala kuandika, na tarakimu hazikukaa kichwani mwake. Mama alikuwa kiongozi wa kwaya. Akaichukua namba ya misheni, akaifunga kwenye sauti ya wimbo tuliomalizia ibada, kila tarakimu na noti yake, ile ya mwisho ikivutwa kama Amina. Siku ya safari Baba aliiimba akiwa amelala kwenye machela, mpaka wabebaji wakacheka. Mmoja akauliza, "Mzee huyu tunampeleka hospitali ao kwaya?" Baba akamjibu, "Wewe beba tu. Nikikosea noti moja nitajikuta naongea na bibi ya mtu."

Jumamosi nne alipiga bila kukosa. Karani wa misheni, Bwana Yeremia, aliinua mkono wa simu, akasikiliza kwa uso wa mtu mwenye madaraka, kisha akamkabidhi Mama. Maneno yalikuwa machache: mguu umewekwa mbao, chakula kipo, watoto wanaendeleaje? Zamu yangu ilipofika nilisikia mvumo kama wa mto, na ndani ya mvumo huo Baba akiniuliza nimefika ukurasa gani wa kitabu changu cha kusomea. Nilimtajia ukurasa. Yalikuwa mazungumzo ya dakika mbili, nasi tuliyala wiki nzima.

Jumamosi ya tano kengele haikulia. Tulikaa mpaka Bwana Yeremia akafunga ofisi. Ya sita pia haikulia, wala ya saba. Mvua ilikuwa imeikata barabara ya milimani na malori hayakupita, kwa hiyo hata barua hazikuja. Mama hakulia mbele yangu. Alikaa wima na mikono mapajani, midomo yake ikitembea, nami nilijua anaomba. Ili nisichoke, nilisoma kila kilichokuwa ukutani: kalenda, ratiba ya mahubiri, tangazo la chanjo. Pembeni palikuwa na karatasi mpya yenye muhuri wa posta. Niliisoma kwa sauti ili Mama asikie jinsi nilivyoendelea shuleni. Ilisema kwamba kwa ajili ya mitambo mipya namba za simu za mji zimebadilika, na chini yake ikaandikwa namba mpya ya misheni, ndefu kuliko ile ya zamani. Mama aliniambia, "Vizuri, mwanangu." Nikaendelea na tangazo la chanjo. Tulikaa chini ya karatasi ile Jumamosi tatu zaidi.

Baba alirudi kabla ya miezi mitatu kwisha. Alipanda lori mpaka mahali barabara ilipokatika, akavuka tope lote kwa magongo, akapanda lori jingine. Aliingia uani mchana, mwembamba, mguu umevimba kuliko siku ulipovunjika. Hakusalimia. Alituhesabu kwa macho, Mama, mimi na ndugu zangu, mmoja mmoja, kisha akakaa chini palepale. "Niliimba vizuri," akasema. "Kila Jumamosi niliimba vizuri. Yule dada wa posta akaniambia namba hii haijibu, jaribu siku nyingine. Nikajua mmekufa." Mama akamwambia tulikuwa pale benchini. Baba akauliza, "Sasa kwa nini hamkujibu?" Hapo ndipo ile karatasi ilipozungumza kichwani mwangu, nami nikawaambia nilichokisoma ukutani.

Hakuna aliyenipiga. Baba alisema mtoto alisoma kilichoandikwa, na kazi ya kuelewa ilikuwa ya wakubwa. Bwana Yeremia alikuja kuomba radhi na kuku mkononi. Alikuwa amewapelekea wamisionari wote namba mpya kwa barua. Mgonjwa asiyejua kusoma hakumjia akilini. Tulimsamehe na tukala naye kuku huyo. Lakini mfupa ulikuwa umeunga vibaya, na Baba alichechemea miaka yote iliyobaki. Hakuacha kuiimba namba ile ya zamani akipiga randa, ingawa haikumfikisha tena kwa mtu yeyote.

Sasa mimi ni mzee, na Mungu ameniweka Durban, mbali na ziwa letu. Marehemu mume wangu alikuwa mchungaji wa kanisa letu dogo pale Umbilo, ghorofani juu ya duka la magodoro. Tulipopata simu ya mezani hapo kanisani, nilifanya kama Mama: niliifunga namba yake kwenye sauti ileile, na kila aliyefika kutoka Kongo au Burundi nilimfundisha kabla hajanywa chai. Ndiyo namba waliyowapa ndugu waliobaki nyuma. Mmoja wao ni Mama Furaha wa Albert Park. Alimfundisha mwanawe Jospin wimbo huo kwa simu, mtoto alipokuwa angali kwa nyanya yake kijijini. Kisha vita vikapita kijijini, na sasa ni miaka minne hajamsikia. Simu zake za mkononi zimeibwa mara tatu, na kila mara amepata namba nyingine. Jospin, kama yuko hai, anajua moja tu.

Mwaka huu wezi walikata waya za mtaa wetu kwa mara nyingine, na simu ikafa. Katika kikao cha wazee wa kanisa, mhazini wetu, Baba Dezire, ambaye ana kazi ya maghala kule Clairwood na hapendi kupoteza muda, alitoa barua aliyokwisha kuiandika. "Tuifunge tu hii kitu," akasema. "Intaneti tuko nayo. Tutapata simu mpya ya kwenye intaneti, na namba mpya safi. Tutaitangaza Jumapili, sharp, imekwisha."

Nikamwuliza, "Utamtangazia Jospin katika kanisa gani?"

"Eish, Mama Eliya, usiniangalie vile."

Otieno, mwanafunzi Mkenya anayetushughulikia vyombo vya sauti, akainua mkono. "Baba, usitume hiyo barua. Ukifunga laini, namba inaenda nayo. Tunawaambia hao wa intaneti waivute kutoka kwa kampuni ya zamani, na laini, hata kama imekufa, tunaiacha wazi mpaka namba ivuke."

Sikujua kwamba namba inaweza kuvuka. Tulijaza fomu, tukaambatisha bili, nasi baada ya siku chache tukakataliwa: jina la kwenye fomu halikuwa jina la kwenye bili. Nikaichukua bili, na kwa mara ya kwanza nikaisoma juu kabisa. Mume wangu, alipokwenda kuomba laini, aliulizwa jina, akataja lile ambalo dunia nzima ilimwita. Kwa miaka yote hiyo kampuni ilikuwa ikimwandikia bwana mmoja aitwaye Baba Eliya, na sisi hatukuona kasoro.

Ikabidi niende kituo cha polisi kuapa kwamba Baba Eliya na marehemu mume wangu ni mtu mmoja. Polisi, kijana wa Kizulu, alisoma kiapo, akaniangalia kwa adabu, akaniita Gogo, yaani nyanya kwa lugha yao. "Kwa hiyo, Gogo, Baba si jina?" Nikamwambia kwetu ni jina kubwa kuliko la pasipoti. Akacheka, akapiga muhuri. Kwa kiapo hicho na cheti cha kifo, laini ikaandikwa jina la kanisa, tukaipeleka fomu tena, tukangoja. Baba Dezire aliichana barua yake mwenyewe, bila kuambiwa.

Siku Otieno aliposema namba imevuka, nilikuwa nyumbani. Nilichukua simu yangu ya mkononi, nikaiimba namba polepole huku nikibonyeza, noti kwa noti, ya mwisho nikaivuta. Siku zile za Uvira karatasi ilibandikwa ukutani na hakuna aliyetuuliza. Leo kuna fomu, kuna kiapo, kuna kijana anayejua, na mtoto wa Mama Furaha hahitaji kujua lolote kati ya hayo zaidi ya wimbo. Namshukuru Mungu kwa hilo, ingawa sijui kama nimelipa chochote kwa ajili ya mguu wa Baba.

Sikufikiri nani angepokea kule kanisani. Simu iliita mara moja tu, ikanyakuliwa.

"Halo? Halo? Ni nani? Sema!"

Ilikuwa sauti ya Mama Furaha, aliyekuwa akifagia kanisa. Niliona haya kumjibu.

"Ni mimi, mama. Mama Eliya. Nilikuwa najaribu tu."

Nikasikia ufagio ukiegemezwa ukutani, na kiti kikivutwa karibu na meza.

"Kumbe inaita," akasema.

"Inaita."