Mguu wa Baba Kwenye Breki

Leo hapa Custom, kwenye forodha ya mpakani, limeingia lori la viazi kutoka Uganda, breki zinanuka. Ni harufu ya raba na chuma kilichoungua, inakwama kooni. Vijana wa boda wananicheka, "Mzee, moshi unakuliza?" Nawaambia ndiyo, ni moshi.

Baba yangu aliendesha lori milimani, na urefu aliuogopa. Watu hawaamini, lakini kazi ilikuwa hiyo tu. Dirisha la upande wa bonde alilitundikia kitenge cha mama ili asione chini, na mama alikaa hapo akichungulia kwa niaba yake. Mimi nilikaa katikati, mapaja yakiungua kwa joto la injini. Kitenge chenyewe kilikuwa na ndege wa njano. Sijui kwa nini nawakumbuka hao ndege.

Mteremko unashukwa kwa gia ndogo, kila dereva anajua, hata baba alijua. Lakini siku ile woga ulimweka mguu kwenye breki tangu kileleni.

"Toa mguu, baba watoto, zinaungua!"

"Mguu haukubali."

Ulipokubali, breki zilikuwa khalas, lori likaanza kukimbia. Mama akafungua mlango, akaninyanyua. Hata yeye angeweza kuruka.

Baba, macho ameyafumba, akauliza, "Bado kona ngapi?"

"Hakuna tena," mama akamwambia, na mimi kona nilikuwa bado naziona mbele. "Tumefika chini."

Akanirusha kwenye majani, kisha akauvuta mlango na kuufunga, yeye akiwa ndani.